Miti Aliyoitaja Baba

"Asiyerina huona miti tu!" Naisiae alimtupia kaka yake.

"Nenda huko! Mwalimu anataka hoja, si maneno ya babu." Parsaloi alishikilia karatasi yake. Kesho darasa lao lingeigiza baraza la maoni kuhusu visima vya mvuke wa kuzalisha umeme, naye alikuwa ameandika: Eneo ni msitu mtupu.

Mimi mama yao nikaepua chai. "Kaeni, nyote wawili. Methali hiyo nilikuwepo ilipozaliwa. Ilianza hivi."

Nilikuwa kidato cha tatu. Wachimbaji wa mvuke waliutaka mlima wetu, serikali ikaitisha baraza, mwalimu akatupeleka tukaandike ripoti. Ofisa akabandika ramani, yote kijani. Nikanakili: msitu, hakuna wakazi. Mimi, Mwogiek, binti wa mrina asali!

Akasimama baba yangu, Leboo, babu yenu. Mwenyekiti akamwambia, "Mzee, dakika tatu. Taja mali yako."

Baba akaanza kutaja miti, mmoja mmoja, kutoka bondeni kupanda juu, kama nyuki wanavyofuata maua. Huu ulikuwa wa babu yake. Huu ulitoa asali aliyomposea mama. Huu, mzinga wake haufunguliwi mpaka mtoto azaliwe.

"Mzee, muda umekwisha."

"Mimi bado niko bondeni."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akagonga ramani. "Mbona hapa sioni hata mzinga mmoja?"

"Asiyerina huona miti tu," baba akasema, akaketi.

Ripoti yangu ilipata alama nzuri. Uzio ukajengwa kuuzunguka mlima, nasi tukabaki nje.

Ndiyo maana mvua zikipungua babu yenu huketi akiuelekea mlima, ananusa upepo, ananiambia mti upi umechanua. Kisha namletea chai ya sukari ya dukani. Kikombe hakimalizi.

Parsaloi akaigeuza karatasi yake mkononi. Kisha akauliza, "Alifika juu?"

"Nani?"

"Babu. Alimaliza kuitaja miti?"

"Hakuna aliyemwuliza tena. Hata mimi."

Akaichana ile karatasi, akachukua daftari jipya, akaanza kuvaa viatu.

"Unakwenda wapi, na chai iko mezani?"

"Kwa babu. Aanzie bondeni."

"Na kesho wakisema pale ni msitu mtupu?" Naisiae akamchokoza.

"Asiyerina huona miti tu," akajibu, mguu mmoja tayari nje ya mlango.