Kikapu cha Nyani na Meno ya Bi Kindi

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Mpira?"

"Wadunda!"

"Kikapu?"

"Kijae!"

Haya, kijae. We Mwinjuma, weka bungo lako chini usikilize.

Hapo kale palikuwa na Nyani, mwili jumba, tumbo ghala. Na palikuwa na Bi Kindi, mdogo kama ngumi yangu hii, na watoto wake watatu. Mwaka huo jua liliwaka mpaka mwituni hakukubaki tunda ila mabungo, yale ya mviringo, rangi ya chungwa, ganda gumu. Na mwitu ule ulikuwa na desturi yake: atakayetangulia kujaza kikapu, mabungo yote ni yake mpaka mvua inyeshe.

Nyani akatundika kikapu juu mtini, akaanza kutia. Bi Kindi akamwendea.

"Shikamoo, Bwana Nyani. Watoto wangu hawajala tangu juzi. Nipe bungo moja tu."

"Marahaba. Sina!"

"Hata bovu?"

"Bovu nitakula mimi!"

Eti bovu atakula yeye! Jamani, roho gani ile?

Nyani alipokwenda kuchuma mengine, Bi Kindi akapanda mtini, akakitafuna kitako cha kikapu. Kwaru, kwaru, kwaru! Kitako hakuna. Chini palikuwa na nyasi ndefu, akawaficha watoto wake humo. Kisha akachora mstari mchangani, mbali kabisa.

"Bwana Nyani, kutia kwa mkono hata konokono anaweza. Bingwa anarusha! Ukirusha karibu, pointi mbili. Ukirusha nyuma ya mstari, tatu."

"Tatu? Nataka tatu!"

"Ila ukilishika bungo, usitembee. Ukitaka kusogea, lidundishe. Ukitembea nalo, unampa mwenzio."

Kobe akawa mwamuzi, maana hana haraka na lolote.

Nyani akarusha. Vuu! Pu!

"Tatu!" akasema Kobe.

"Kinajaa?" akauliza Nyani.

"Si unasikia mwenyewe?" akasema Bi Kindi.

Akarusha tena. Vuu! Pu! "Sita!" Akarusha tena. Vuu! Pu! "Tisa!" Roho ikamtuma akachungulie. Akakumbatia bungo, mbio mtini.

"Priii! Umetembea! Mpe mwenzio."

Akampa. Akachukua jingine, akalidundisha: du, du, du... uchu ukamshinda, akalikumbatia.

"Priii! Umetembea!"

Akampa tena.

Mabungo yakaisha. Kobe akatangaza: Nyani mia na ishirini, Bi Kindi bila.

"Nimeshinda!" Nyani akapanda mbio, akatumbukiza kichwa kikapuni. Kichwa kikatokea chini. Lo! Akawaona watoto watatu juu ya rundo la mabungo, vidomo vimelowa.

Akafungua kinywa awatukane. Watoto wakapiga makofi.

"Bingwa! Bingwa! Bingwa!"

Nyani hakuwahi kupigiwa makofi tangu azaliwe. Tusi akalimeza. Machozi yakamlengalenga, maskini.

"Ile ya mwisho mliiona?" akauliza polepole, kikapu shingoni.

"Tuliiona, Mjomba! Kesho uturushie tena!"

"Nitawahi asubuhi," akasema.

Na mpaka leo watu wanarusha, wanatoka jasho, wanarudi nyumbani na pointi na njaa, na wamefurahi kweli.

"Kikapu?"

"Hakina kitako!"

Hadithi imepita humo humo, imeanguka mapajani kwenu. Funzo lake, wanangu, ni kwamba msitoboe vikapu vya watu. Ni tabia mbaya sana. Na wewe Mwinjuma, unakwenda wapi na bungo hilo? Priii! Umetembea. Lete kwa bibi yako.