Kiti Kilichopewa Hongera

Wapendwa, kaeni vizuri. Mwenye mtoto anayelia amnyonyeshe hapo hapo alipo, hanisumbui. Nina mfano mmoja, si mrefu, kisha kila mtu atakwenda kuangalia sufuria yake.

Kulikuwa na mama mmoja aliyeishi na mume wake, watoto wao na mama mkwe wake. Mume alikuwa mwoka mikate mjini. Mikono yake iliujua unga vizuri sana, akigusa donge tu anakwambia bado au tayari. Mbao hakuzijua. Lakini ni wangapi kati yetu wanaofanya yale tu wanayoyajua?

Sasa yule bibi, mama wa mume, aliteleza migombani wakati wa masika, akaumia nyonga. Alitibiwa, akarudi nyumbani na fimbo. Nyumba ile ilikuwa na vigoda vya jikoni, bibi hakuweza kuinama hadi chini kule. Ilikuwa pia na kochi sebuleni, na kochi lilimmeza hadi kumtoa ikawa kazi ya watu wawili na kelele nyingi. Daktari akawaambia: atafutiwe kiti kirefu, chenye mikono, akae wima, uzito wote uwe juu ya kiti na nyonga ipumzike. Isipopumzika haitapona, atarudi kitandani. Na kwa umri ule, akirudi kitandani, msitegemee atainuka tena.

Mume akasikia, akasema, "Nitamtengenezea mwenyewe."

"Wewe?" akauliza mkewe.

"Mimi."

"Baba Ndeshi, mafundi wamejaa pale njia panda."

"Huyo fundi alinyonya kwa mama yangu?"

Mke akaendelea kuchambua mchele.

Mume akabomoa kitanda cha zamani kilichokuwa stoo, akaazima msumeno na nyundo. Kila akitoka kazini, unga ukiwa bado kwenye nywele, anashika mbao. Mkewe alikuwa anamsikia uani akigonga, akiacha, akijisemea, akigonga tena. Alimpenda hivyo hivyo. Lakini ndani ya moyo wake alikuwa na wasiwasi, na alikuwa pia na sababu ya kuufunga mdomo. Mwaka uliopita mume alitengeneza rafu ya viatu. Yeye akasimama mlangoni akamwuliza, "Hii ni rafu au ni ngazi ya kuku?" Watoto wakacheka mpaka wakakaa chini. Mume naye akacheka, ila baada ya siku ile hakugusa msumari. Kwa hiyo safari hii mama Ndeshi alijiambia: nitaumeza ulimi wangu, hata ukinikaba.

Kiti kikaisha. Jamani, kilipendeza! Kilipigwa msasa, kikapakwa vanishi, mikono yake ikazungushwa vizuri mahali pa kushika. Mume akakiweka barazani, akatangaza, "Kiti hiki ni cha mama. Asikikalie mtu kabla yake, wala baada yake." Mnajua wenyewe, kiti cha mzazi hakichezewi. Hata mwenyewe aliyekitengeneza alikisukumasukuma kwa mkono tu, akaona kinatosha. Angekikaliaje kabla ya mama yake?

Majirani wakaja kuona. Akaja shemeji anayekaa jirani, akakizunguka kiti kama anayenunua ng'ombe.

"Hee! Hiki ni cha mkuu wa mkoa!"

"Kisogeze basi, ukipime uzito," mume akasema.

"Aa, shemeji, nisije nikakichubua vanishi. Hongera! Hongera sana!"

Akaja mzee mmoja wa kanisa. Yeye alikibonyeza kwa kidole kimoja. Kiti kikalia *kwii*. Mzee akakohoa, akarudisha kidole mfukoni. "Hongera, kijana. Mungu aibariki kazi ya mikono yako." Akaaga.

Jioni ile mama Ndeshi alikisogeza kiti ili afagie. Akasikia mguu wa nyuma ukicheza mkononi mwake kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Akainama, akachungulia. Miguu ilishikwa na misumari mitupu. Hakukuwa na ubao wa kuikaza chini, kila mguu ulisimama kivyake, kama ndugu waliogombana. Akainuka. Akamtazama mume wake aliyekuwa amekaa pembeni akinywa chai, anakitazama kiti na uso umemng'aa.

"Unakionaje?" mume akamwuliza.

Akasema nini yule mama? Mnajua alichosema. Ndicho mnachosema nyinyi, na mimi pia ninakisema. Alisema, "Kizuri. Hongera, baba Ndeshi."

Basi bibi akaanza kukikalia kile kiti. Asubuhi anatolewa barazani, anasalimiana na wapita njia, anachambua maharage yake. Mume akienda kazini anaenda anaimba.

Lakini nyonga haikupona. Ikazidi. Bibi akaanza kulalamika kwamba na mapaja yanamuuma, na magoti, na hata ule mguu ambao haukuumia. Wakamchua kwa mafuta ya nazi yaliyochemshwa na tangawizi. Wakabadilisha dawa. Mume akaanza kurudi kutoka kazini amenuna. "Kiti kipo, anakaa kutwa nzima, mbona haponi?" Daktari akasema akizidi hivi, alazwe.

Siku moja mama Ndeshi alirudi mapema kutoka sokoni, akapitia nyuma ya nyumba. Alipotokea barazani, bibi hakumsikia. Akamwona mkwewe yuko juu ya kiti, lakini hakukaa. Alikuwa ameishika fimbo kwa mikono yote miwili, ameikita sakafuni, mapaja yanatetemeka. Makalio yake yaliugusa ubao kidogo tu, kama mtu anayejaribu maji ya moto.

"Mama," akasema taratibu, "mbona hujakaa?"

Bibi akashtuka. "Nimekaa."

"Hujakaa, mama. Umechuchumaa juu ya kiti."

Bibi akamtazama, kisha akacheka kicheko cha mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. "Kikipata uzito wote kinaondoka na mimi, mama Ndeshi. Kinalalia huku, kama mlevi anayetafuta ukuta. Kwa hiyo tunasaidiana. Kiti kidogo, mimi kidogo."

"Siku zote hizi?"

"Usimwambie. Amenitengenezea kwa mikono yake, hajawahi mtu kunitengenezea kitu. Nyonga ni yangu, nitaivumilia."

Mama Ndeshi aliweka kikapu chini. Nyanya zikamwagika, hakuziokota. Alikuwa anahesabu kichwani, si nyanya. Kumbe yale mafuta ya nazi, zile dawa, ule usiku wa kumsikia mama mkwe akigumia ng'ambo ya ukuta, vyote vilitoka kwenye neno lake moja, *kizuri*. Kiti hakikuwa kinambeba bibi. Bibi ndiye aliyekuwa anakibeba kiti. Na alikibeba kwa nyonga iliyoumia.

Akamwinua, akamlaza. Mume aliporudi, mkewe alikuwa tayari amekitoa kiti uani, mahali penye mwanga.

"Baba Ndeshi, njoo uchuchumae hapa, uangalie miguu ya nyuma. Mimi nakikalia."

"Kukalia kiti cha mama? Umerogwa?"

"Chuchumaa, baba. Utaniambia unachokiona."

Akakaa. Mama yule hakuwa mwepesi, namshukuru Mungu kwa hilo. Akajiachia mwili wote. Kiti kikalia, kikalala upande wa kushoto, mguu wa nyuma ukafunguka kwenye misumari, na mume akamdaka mkewe kwa bega kabla hajafika chini.

Wakakaa hivyo kidogo, mume amemshika.

"Urefu umepatia kabisa," mke akaanza. "Mikono ya kiti, mama anaisifia kila siku, anasema inamjaa kiganjani. Hapo usiguse. Ni miguu tu. Haina kitu cha kuishikamanisha huku chini. Nafikiri tungeweka ubao hapa, na hapa, halafu…"

"Mama anajua?"

Akamweleza. Akamweleza habari ya fimbo, na mapaja yanayotetemeka, na ile ya kiti kidogo, mimi kidogo. Mume akakaa chini kwenye mavumbi na sare yake ya kazi.

"Na wewe ulijua tangu lini?"

Angeweza kudanganya. Tungeweza sote. Akasema, "Tangu nilipokisogeza nifagie. Jioni ile ulipokuwa unakunywa chai."

Alitegemea atagombezwa kwa kukiharibu kiti. Alijiandaa kwa hilo. Lakini mume hakugusia kiti kabisa. Akasema, "Shemeji nilijua atasema hongera. Mzee naye nilijua. Hongera ni salamu, mama Ndeshi, mtu anakupa hata akikukuta unachimba choo. Mimi nilikuwa nausubiri mdomo wako. Nilijua kama kina kasoro wewe utanichana tu. Nikakuuliza, ukasema kizuri. Ndiyo maana nikamkalisha mama yangu."

Mmesikia hapo, wapendwa? Yule mama alidhani amenyamaza. Kumbe alikuwa ametia sahihi.

Wakakitengeneza pamoja. Mke alishika ubao, mume akakaza parafujo, wakagombana ni wapi katikati, wakapima, akakosea mume, wakarudia. Kilipokamilika mume alikikalia mwenyewe kwanza, akajitupa kwa mgongo, kikatulia. Akakalia mke. Kikatulia. Ndipo wakamleta bibi.

Bibi akashuka polepole, kwa mazoea, na fimbo yake imekitwa. Mwanawe akaichukua ile fimbo mkononi mwake. "Kaa, mama. Kaa na uzito wako wote."

Bibi akajiachia. Pumzi ikamtoka ndefu, kama mtu aliyetua kuni. Akafumba macho. Mwanawe akapiga goti mbele yake.

"Mama, na wewe uliona, ukaninyamazia."

"Nilikuwa nakupenda, mwanangu."

"Najua, mama. Siku nyingine nipende ukiwa umekaa."

Huo ndio mfano, sasa tuje kwetu sisi.

Sisi ni watu wa hongera. Mtu akishona gauni lake mwenyewe, hongera. Akijenga jiko la udongo linalojaza moshi nyumba nzima, hongera, huku tunafuta machozi. Tukifika nje ya geti ndipo tunaanza kusema ukweli, tunamwambia asiyehusika. Je, huo ni upendo? Nani anavaa lile gauni likichanika? Nani anakohoa ule moshi? Sisi tumeshafika nyumbani zamani.

Na wengine wetu tumejaliwa mdomo, tunajijua. Tunasimama mlangoni tunarusha neno moja, watoto wanacheka, na mtu mzima anaweka nyundo yake chini mwaka mzima. Hilo nalo msiliite ukweli. Kucheka kutoka mlangoni hakujamkazia mtu msumari hata mmoja.

Yule mama alifanya nini mwishoni? Alikisogelea. Alikikalia kwa uzito wake, akawa tayari kuanguka nacho. Akamwita mwenye kiti aone kwa macho yake, bila majirani, bila watoto. Akamwambia pa kuacha na pa kurekebisha, kisha akashika ubao. Ukitaka kumkosoa mtu, huko kushika ubao ndiko kutakakokusaidia kupima maneno. Kama huna nia ya kuushika, fikiri tena kabla hujaanza kusema.

Na wewe uliyetengeneza, usitangaze kwamba kitu hakiguswi. Waache watu wakikalie. Kikivunjika chini ya shemeji, shukuru hakikuvunjika chini ya mama yako.

Namalizia. Vijana wetu wametujengea ngazi ya mlango ule wa nyuma wa kanisa, kwa mikono yao, likizo nzima. Wanastahili sifa, walibeba mawe kutoka mtoni na hawakuomba hata soda. Tumewapigia makofi Jumapili mbili sasa. Lakini mimi hukaa upande ule, na macho ninayo. Naona tunavyoishuka. Vijana wanairuka. Akina baba wanapita pembeni kwenye nyasi. Na bibi zetu wanashuka wameegemea ukuta kwa mikono miwili, halafu wakifika chini wanageuka wanasema, "Hongereni, wanangu."

Ile hatua ya pili ya ngazi inacheza. Haya, nimesema, na dari haijatuangukia.

Vijana, msiinamishe vichwa. Hatua zenu ni pana, na upana ule ndio tulioutaka. Saruji ya hapo pa pili ndiyo haikushika. Kwa hiyo leo baada ya baraka hatutokei mlango mkubwa. Tunatokea kule. Mwenye mwiko wa saruji na akae karibu, wanaume wawili wanisaidie kuzoa mchanga, na bibi zetu wasubiri ndani kwanza. Mimi nitatangulia, na nitaikanyaga katikati.