Jina la Kufungia Wimbo

Hapo zamani, ila si zamani sana, maana simu zilikuwa zimeshaingia hadi jikoni, paliondokea mwimbaji mmoja wa Korogwe, jina lake Siwatu. Alitunga wimbo, akaupeleka redioni. Mtangazaji akamuuliza, "Meneja wako nani?" Hana. "Basi rudi ukiwa naye."

"Sirudi ng'o!" akasema Siwatu. Akajifungia chumbani, akajifunika blanketi kelele za mtaa zisiingie, akajirekodi kwa simu, akaupandisha wimbo mtandaoni mwenyewe. Akangoja. Kimya. Akachungulia tena. Kimya kile kile. Ikamuuma, akataka kuufuta.

Dada yake Kidawa akamshika mkono. "Usifute, mdogo wangu. Umeua! Wimbo wote mtamu." Alikuwa anadanganya, ubeti wa pili ulimuumiza masikio. Lakini Siwatu alimwamini, wimbo ukabaki.

Akaja Semboja, mpiga gitaa wa siku nyingi, akaandika maoni mbele ya kadamnasi: "Sauti unayo. Ila ubeti wa pili huimbi, unapiga kelele." Siwatu alilia, akamlaani mzee wa watu. Kisha, kwa hasira hiyo hiyo, akarudi chini ya blanketi, akauimba ubeti upya. Safari hii ukakaa sawa, akaupandisha tena.

Akaja Chande, mchekeshaji. Akavaa dera, akabinua midomo, akajirekodi akimuigiza Siwatu. Mji mzima ukavunjika mbavu. Watu wakautafuta wimbo wenyewe ili wacheke zaidi. Wakausikiliza, wakaacha kucheka, wakaurudia. Ikawa Korogwe hakuna harusi bila wimbo wa Siwatu. Hata redio ile ikapiga simu. Hakupokea.

Sasa akakodi bendi aurekodi vizuri. Na waimbaji wa kwao wana desturi: wimbo hufungwa kwa kumtaja mtu mmoja wa kushukuriwa. Mmoja tu, na jina lake huenda kila wimbo unakokwenda.

Kidawa akasema, "Nitaje mimi. Bila uongo wangu ungekuwa umeshaufuta."

Semboja akasema, "Nitaje mimi, binti yangu. Uongo ungekuacha pale pale. Mimi nilikuudhi, ukaimba."

Chande akasema, "Mzuri, mbaya, nani alikuwa anaujua? Watu nimewaleta mimi."

"Kwa kunicheka!"

"Si walikuja?"

Siwatu akawakazia macho. "Huyu alinidanganya. Huyu aliniaibisha. Huyu alinifanya kichekesho. Na aliyekuwa akitoka jasho chini ya blanketi ni nani? Nikijitaja mwenyewe, nani atanizuia?"

"Mtu hajishukuru, Siwatu," Kidawa akasema, machozi yakimlengalenga.

"Mimi nitakuwa wa kwanza!"

Bendi ikaanza. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, umebaki mwisho, na Siwatu ameshavuta pumzi. Haya, nyie mnaonitumbulia macho, semeni upesi kabla hajafungua kinywa: je, ni jina la nani linalostahili kuimbwa?