Ratili Tatu za Ruzuna

Zama za Sultani Ghalibu bin Mahfudhi, aliyeutawala mji wa Nurani wenye malango saba na chemchemi mia, palikuwa katika jumba lake mwanamke jina lake Ruzuna binti Makame, na kazi yake ilikuwa kufungasha mizigo ya safari za Sultani. Yeye ndiye aliyejua kanzu ngapi zatosha siku arubaini, na namna ya kukunja joho la hariri lisifanye makunyanzi, na kasha lipi likae chini na lipi juu. Na ngamia sitini walipoondoka langoni, alisimama akautazama msafara mpaka vumbi likatulia, kisha akarudi ndani. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka kivuli cha ukuta wa mji.

Na moyoni alikuwa na jambo. Miaka saba nyuma aliposwa na Msellemu, fundi wa visima, na kabla ya harusi Msellemu akaitwa na mfalme wa Barari, nchi iliyo ng'ambo ya Uwanda wa Jivu, akawachimbie maji watu waliokuwa wakifa kwa kiu. Uwanda ule haukanyagiki kwa mguu wala kwa kwato, kwani chini ya jivu pana moto usiozimika, na hakuna avukaye ila kwa kubebwa na jini Harjafi, ambaye Nabii Suleimani alimfunga kwa muhuri wake awahudumie wasafiri. Msellemu aliahidi kurudi tende zikiiva mara mbili. Tende ziliiva mara saba. Ruzuna alikataa posa tatu, na kila alipokunja nguo ya mwanamume alikuta mikono yake yapima mabega ya mtu asiyekuwapo.

Asubuhi moja, alipokuwa akianika majoho kwenye roshani, akatua kasuku mwenye manyoya yaliyoungua ncha, akatoa salamu kwa ufasaha, akasema ametumwa na Msellemu, na kwamba kasuku watatu waliotangulia waliteketea njiani. Kisha akalieleza agano la jini: kila mwanadamu amepewa ratili kumi za mzigo kwa umri wake wote, na kila avukapo hupimwa, na mzigo mdogo kabisa huhesabiwa ratili moja; na mtu akizimaliza ratili zake, jini hambebi tena hata alie machozi ya damu. Msellemu alikwenda na nyundo na tindo na minyororo, ratili kumi kamili, wala hakuuliza kama zile kumi ni za safari au za umri.

"Ameniambia nikwambie hivi," akasema kasuku. "Ruzuna, nimekufungua. Olewa na mtu aliye karibu nawe, na unisamehe."

Ruzuna akampa ndege maji, kisha akamuuliza: Msellemu alikuwa na uso gani alipoyasema hayo.

"Uso sikuuona," akajibu kasuku. "Alinipa mgongo, akayasema kwa ukuta."

Basi Ruzuna akajua la kufanya.

Akaingia barazani kwa Sultani, akainama, akasema: "Ewe maulana, Mungu akuzidishie umri na dola. Miaka kumi na miwili nimewafungia wengine safari. Leo naomba ruhusa nifunge yangu."

Waziri akasema haijapata kusikiwa mwanamke kuvuka Uwanda peke yake. Lakini Sultani alikuwa mtu mwenye huruma, akampa ruhusa, na akaongeza kwamba mtu wa jumba lake hawezi kuingia ugenini kama mkimbizi; azijaze ratili zake zote kumi kwa dhahabu na vitambaa vya atilasi, ili watu wa Barari wajue anatoka kwa nani.

"Maulana, hiyo ni heshima isiyolipika," akasema Ruzuna. "Lakini ratili kumi ni za kwenda. Mimi nataka na kurudi."

Sultani akamwashiria aende kwa amani.

Siku tatu Ruzuna alifungasha nyumbani kwa mama yake, Bi Saumu. Siku ya kwanza alitandika mkekani kila alichodhani kitamfaa, akapima, akapata ratili ishirini na sita, akaona haya. Yeye aliyepanga misafara ya ngamia sitini hakujua mtu mmoja ahitaji nini. Siku ya pili akachukua kitu kimoja kimoja mkononi, akajiuliza: hiki nakichukua kwa haja au kwa hofu? Vya hofu vilikuwa vingi. Zikatoka shuka za akiba, na viatu vya pili, na dawa za maradhi asiyokuwa nayo, na nguo ya harusi aliyoitunza miaka saba, na hiyo ndiyo aliyoikunja polepole kuliko zote.

Lakini kila alipogeuka, mzigo ulizidi uzito, kwani Bi Saumu alikuwa akipenyeza vitu: kopo la samli, kinu kidogo cha shaba, mafurushi ya bizari.

"Mama," akasema Ruzuna, "watu wa huko nao hula."

Bi Saumu akaketi juu ya mkeka. "Najua wanakula," akasema. "Nakutilia vitu kwa kuwa siwezi kujitia mimi."

Wakakaa hivyo, magoti yao yakigusana, mpaka adhana ya alasiri. Kisha Bi Saumu akanyoosha mkono, akaitoa samli kwa mkono wake mwenyewe, na kinu, na bizari. Siku ya tatu mzigo ukatimia: gauni moja, kanga mbili, kitana, sindano na uzi, na mkate wa siku mbili. Ratili tatu.

Alfajiri akaufikia ukingo wa Uwanda. Harjafi akainuka katika jivu kama nguzo ya moshi, macho yake kama matanuri mawili, na mkononi ana mizani ya shaba. Akaupima mzigo, akaupima tena.

"Tatu," akasema. "Umesahau nini?"

"Sikusahau kitu."

Jini akasema kwamba tangu zama za Suleimani, kila aliyeambiwa kumi alijaza kumi. Kisha akambeba, na chini yao Uwanda ulifoka cheche, na Ruzuna akalishika furushi lake kwa mkono mmoja, na ule wa pili ukawa huru kujikinga uso na moto.

Huko Barari akauliza alipo fundi wa visima, akaelekezwa kwenye shimo jipya nje ya mji, akainama, akaita jina. Msellemu akapanda kwa kamba, ndevu nyeupe kwa chokaa, na nyingine nyeupe kwa miaka. Alipomwona hakumkumbatia. Alisimama mikono ikining'inia, na hofu ikamjaa machoni.

"Umekuja na ratili ngapi?" akauliza.

"Tatu."

Msellemu akaketi ukingoni mwa kisima, akalia.

Siku ishirini wakakaa ugenini, Ruzuna kwa mke wa mfalme na Msellemu kazini kwake, na kila jioni wakitembea pamoja kisimani, na kila jioni wakiagana kama watu wasiojua kesho. Ruzuna alikuwa na saba; angeweza kwenda na kurudi, na kuugawa umri wake kati ya mama na mume. Ndipo akakumbuka kwamba jumbani mwenye nafasi kwenye ngamia wake huweza kumpa mwenzake, akamwendea Harjafi akiwa na Msellemu.

"Ratili zangu saba ni mali ya nani?" akamuuliza.

"Mali yako."

"Na mwenye mali, amzuiaye kumpa amtakaye ni nani?"

Jini akafikiri muda mrefu, akalipitia agano neno kwa neno, wala hakuona katazo. Ila hakuna aliyewahi kufika ng'ambo akiwa na baki la kulitolea swali.

"Basi nne nimempa huyu," akasema Ruzuna, "nawe ni shahidi."

Mfalme wa Barari akawaletea sanduku la yakuti, akawataka wachukue wawezacho. Wakachukua ratili moja kila mtu, na zana za chuma Msellemu akawaachia wachimbaji aliowafundisha. Wakavuka. Harusi ikachezwa siku saba, na Bi Saumu akapika kwa samli yake mpaka akakatazwa, na Sultani akamfanya Msellemu msimamizi wa chemchemi zote mia, na yakuti zikawapa nyumba na bustani na neema isiyopungua.

Lakini mwaka ulipopita, Ruzuna alimkuta mumewe juu ya ukuta wa mji, ameelekea Barari, ananusa upepo. Akamuuliza kuna nini.

"Kile kisima cha mwisho," akasema Msellemu. "Sikukiona kikitoa maji."

Ruzuna hakuona wivu, kwani macho yale aliyajua. Kwa miaka saba yalikuwa macho yake mwenyewe. Akasimama karibu naye, bega kwa bega, akauangalia Uwanda.

"Zimebaki tano," akasema. "Kwenda na kurudi, sote wawili, ni nne."

Na kwa hiyo watu wa Nurani humuusia asafiriye: funga kidogo, kwani aliyeondoka na vyote amejifungia mlango kwa nje. Huu ndio mwisho wa habari yao, na aliye na msafiri wake, Mungu amrudishe salama.