Nani Amtoe Mtoto Juani

Tegeni masikio, na mwenye mdomo wa kukatiza autie kipande cha muhogo. Walioisikia hadithi hii kwingine wameisikia nusu. Nzima ninayo mimi.

Milimani Usambara walikuwako watatu wa nyumba moja. Sengasu, mfuga nyuki, alikuwa na sikio: akiuinamia mzinga tu, anajua nyuki wana njaa au wana hasira. Mkewe Mwantumu, mfinyanzi, alikuwa na vidole: ufa wa chungu aliugundua kwa kugusa kabla jicho halijauona. Na mama yake Sengasu, Bi Nabihu, alikuwa na uthubutu: hajawahi kumwogopa mtu aliyezaliwa na mwanamke.

Mwantumu akajifungua binti, kwa uchungu wa siku mbili. Mila ya ukoo ilimkataza baba kuingia chumba cha uzazi hata siku arobaini zitimie. Siku ya kwanza mtoto hakunyonya. Ya pili hakunyonya. Sengasu, nje, shavu kwenye udongo wa ukuta, akasikia kilio kikififia kama mzinga unaokufa.

"Mwantumu! Mnyonyeshe, ana njaa!"

"Kwani humu nacheza bao?"

"Wenzako wanawezaje?"

 Tangu neno hilo Mwantumu aligeukia ukuta, mtoto hakumgusa tena. Vidole vyote ganzi. Sengasu akatamani aumeze ulimi wake.

Siku ya tatu, asubuhi, mtoto alikuwa akifungua kinywa tu, sauti haitoki. Ndipo Bi Nabihu akang'oa komeo la mlango.

"Mama, ukoo utasema!"

"Waje waniambie mimi. Ingia. Ila huo mdomo wako uache nje."

Sengasu akaingia, akakaa nyuma ya mkewe, akamwegemeza kifuani. "Nilikukosea, Mwantumu. Mimi nina sikio tu, vidole unavyo wewe." Akampakata mtoto vibaya, kama gogo, na mkewe hakumcheka. Angemcheka, Sengasu angemrudisha mtoto chini, na hadithi ingeishia kaburini. Akamgeuza kulia: kimya. Akamgeuza kushoto: sauti nyembamba kama uzi.

"Hii si njaa. Huyu anaumia. Upande huu."

Hapo Mwantumu akageuka. Kidole kikatambaa begani, kikapanda kuelekea shingoni, kikasimama. "Kuna ufa. Mfupa wa mtulinga umevunjika nilipokuwa namzaa. Kila nikimpakata nilikuwa namtonesha! Sikiliza tena, bwana, nimgeuze polepole."

Mmoja akageuza, mmoja akasikiliza. Kilio kilipokoma, hapo hapo Mwantumu akampa ziwa. Mtoto akanyonya.

Siku ya saba ikafika. Kwa mila yao mtoto hutolewa juani na mtu mmoja tu, aliyempa uhai, na huyo ndiye humpa jina. Jua likivuka paa hajatolewa, hana jina wala ukoo mwaka mzima. Akifa humo, huzikwa porini.

"Nisingefungua mlango, mngekuwa mnazika," akasema Bi Nabihu.

"Nisingesikia maumivu, mngemlazimisha ziwa mpaka afe," akasema Sengasu.

"Nisingeuona ufa, sikio lako lingekufaa nini?" Mwantumu akajibu, machozi yakimtoka. "Tena vidole hivi, uliyeviua ni wewe, na uliyevifufua ni wewe. Sijui nikushukuru au nikulaani."

Mikono mitatu imeshika khanga moja, mtoto yumo ndani, hakuna anayeachia. Jua limebakiza shubiri moja livuke paa.

Haya, toeni mihogo midomoni, upesi! Je, wewe ungemkabidhi nani mtoto?