Halua Iliyoungua Chini

Hapo zamani, njia ya mwongo ilipokuwa fupi kuliko ilivyo leo, palikuwa na Sultani aitwaye Mwinyi Faraji, mtu mwema ila kwa jambo moja: alipenda vitu vitamu kupita kiasi. Tabibu alikwisha kumkataza sukari, na mama yake, Mwana Zena, ndiye aliyelisimamia katazo hilo. Mji mzima ulimwogopa Sultani, na Sultani alimwogopa mama yake.

Basi siku moja Mwana Zena aliagiza sinia la halua kwa ajili ya wageni wake. Mpishi wa jumba, Bi Asumini, akaikoroga tangu alfajiri, akaimimina siniani, akainyunyizia ufuta, akaifunika kawa. Wageni walipofika kawa ikafunuliwa, na sinia likakutwa tupu, halina hata chembe. Sultani akapiga kelele kabla ya mtu mwingine yeyote, akasema jumba lake limeingiwa na mwizi.

Sasa, Waziri Shaibu alijiona bingwa wa kuwatambua waongo. Dawa yake ilikuwa moja: mtu alitiwa mchele mkavu kinywani, akautafuna, akautema juu ya jani la mgomba. Ukitoka mkavu, huyo ni mwongo, kwa kuwa uongo, alisema Waziri, hunyonya mate. Watumishi wote wakatafuna, na mchele wa Bi Asumini ukatoka mkavu kama ulivyoingia. Ikaamriwa kwamba kesho adhuhuri apandishwe punda kinyumenyume, atolewe mjini, asirudi milele.

Habari zikamfikia Kombo Mapengo, fukara asiye na kitu ila kofia iliyotoboka na ulimi usiotulia. Mwaka wa saba huo Kombo alikuwa akila ukoko aliowekewa na Bi Asumini mlangoni pa jiko. Aliposikia bibi huyo anafukuzwa, moyo ulimuuma kwelikweli, na tumbo nalo likamuuma, kila kimoja kwa sababu yake. Akaenda kwenye chumba alimofungiwa, akaketi chini ya dirisha, asimuulize kitu.

Bi Asumini, ambaye kutwa nzima alikuwa akiulizwa bila kusikilizwa, akaanza mwenyewe. "Mwanangu Kombo, mimi sikuila. Lakini nina jambo langu, na ndilo lililonikausha kinywa. Nilipokuwa nakoroga, ngoma ya harusi ikapita njiani, nikaacha mwiko nikaenda kumchungulia bibi harusi. Kurudi, halua imeshika chini, imeungua. Kuitupa, sinia halijai. Basi ile iliyoungua nikaitandaza chini, nzuri nikaimimina juu. Nikasema wageni wana haya, hawatafika chini. Bibi mkubwa akijua, mimi nimekwisha."

"Na nani mwingine ajuaye, mama?"

"Hapana, ila Mungu, na huyo aliyeila."

Kombo akamuaga, akalala usingizi mnono.

Asubuhi akaingia barazani kwa Sultani, akainama. "Bwana wangu, mpishi si mwizi. Nipe ruhusa nikutafutie mwizi mwenyewe."

Sultani hakulipenda neno hilo hata kidogo, lakini baraza zima lilikuwa likimtazama, na mama yake ameketi nyuma ya pazia. Akatafuta sharti lisilowezekana. "Nimekubali, ewe Kombo. Ila umtafute papa hapa, kabla ya adhuhuri, na usimuulize mtu swali hata moja. Ukiuliza, hata ikiwa ni kuuliza njia ya msalani, nawe utapanda punda pamoja na huyo."

"Nimesikia na kutii," akasema Kombo.

Basi akasimama katikati ya watu, akaanza kuisifu halua. "Mabwana, mimi sikujaliwa kuionja, ila nasimulia kama nilivyoota. Juu yake ufuta umelala kama watoto walioshiba. Katikati laini, inateleza kooni bila kuomba njia." Watu wakameza mate. "Lakini utamu wenyewe ulikuwa chini. Ile ya chini, mabwana, ilikuwa asali tupu. Na atakayesema ya chini haikuwa tamu, huyo hajui halua, na ulimi wake haufai ila kuramba chumvi ya mifugo."

Sultani alikuwa mtu wa kujivunia ulimi wake. Akajikaza. Akashika ndevu. Kombo akarudia habari ya chini mara ya pili, na mara ya tatu akaongeza kwamba hata kipofu wa ladha angeujua utamu ule. Hapo Sultani akashindwa.

"Mpumbavu wee, chini iliungua. Ilikuwa chungu kama subili, niliimaliza kwa kujilazimisha tu."

Nyuma ya pazia kikasikika kikohozi kimoja, kisha sauti ya Mwana Zena. "Faraji." Hakusema Sultani, wala Bwana. Alimwita kama alivyokuwa akimwita alipokuwa na miaka sita.

"Bwana wangu," akasema Kombo taratibu, "mimi sikuuliza swali."

Waziri Shaibu akasimama. "Lakini mchele wa mpishi ulikuwa mkavu."

"Ulikuwa mkavu, Bwana Waziri, kwa kuwa naye ana jambo lake analolificha, kama wewe na mimi. Mchele husema mtu anaogopa. Hausemi anaogopa nini."

Sultani akamgeukia Waziri, akamwamuru naye atafune, na Waziri akakumbuka kwamba ana mgonjwa nyumbani. Ndipo Sultani, aliyekuwa ameinamisha uso kwa aibu, akaanza kutikisika tumbo, akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Akamwomba Bi Asumini radhi mbele ya watu wote, naye akalia, maana hakutazamia kuombwa. Kombo akapewa joho na ruhusa ya kula ndani ya jumba, tena ameketi.

Mwana Zena yeye hakucheka. Kosa la kuunguza akamsamehe mpishi. Akaamuru halua ipikwe upya, na akorogaye awe mwanawe. Ikawa Sultani akakoroga tangu adhuhuri mpaka alasiri, jasho likimtoka, na mama yake amekaa kitini mlangoni. Ilipoiva akamuuliza kama ameonja. Sultani akaapa kwamba hakuonja hata chembe, na midomo yake yote iking'aa samli.