Kwa Nini Wapiga Filimbi wa Ngondwe Husubiri Kuitikiwa

Zamani hizo, wakati milima ya Ngondwe ilikuwa na nyumba chache na misitu mingi, karibu kila nyumba ilikuwa na mpiga filimbi. Hakuna aliyepiga kwa ujira. Mtu alimaliza kulima, akaketi ukingoni mwa shamba lake, akapiga kwa raha zake. Ila wapigaji hawakusalimiana. Kila mmoja aliogopa kuibiwa wimbo, na walipopishana njiani walificha filimbi nguoni na kutazama pembeni.

Miongoni mwao alikuwamo Senkoro, mfuga nyuki, ambaye udadisi wake uliwachosha majirani. Yeye hakutaka wimbo wa mtu. Alitaka kujua tu unapigwa na nani. Alisikiliza pumzi za wapigaji akiwa mbali, akawatambua: huyu ana kifua kipana, yule amepoteza meno ya mbele. Mmoja tu alimshinda. Kila asubuhi, ng'ambo ya bonde, filimbi ilipiga wimbo mrefu unaopanda na kushuka kama mtu atafutaye mbuzi vichakani, kisha kimya hadi kesho yake.

"Unadhani ni mwanamume au mwanamke?" alimwuliza mkewe, Nanzia.

"Ni mtu anayejua kupiga," Nanzia alijibu, akaendelea kumenya ndizi.

Asubuhi moja wimbo haukuja wote. Zilisikika sauti tatu, kisha kimya kirefu, kisha tatu tena. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo. Wapigaji wote walisikia, na kila mmoja akajisemea kwamba mwenzao anatunga wimbo mpya. Wengine walianza kuzikariri zile sauti. Senkoro naye aliwaza hivyo, lakini siku ya tatu aliacha chakula, akatoka nje kusikiliza. Sauti zenyewe hazikumsumbua. Kilichomsumbua ni kile kimya baada yake, kilivyokuwa sawa kila mara, kama cha mtu aliyepiga hodi akangoja.

Akateremka bondeni, akavuka mto, akaanza kupanda. Katikati ya mlima ukungu ulimfunika hata asiione njia. Akasimama, akatoa filimbi yake, na kwa mara ya kwanza maishani akapiga sauti za mtu mwingine: tatu, kisha akanyamaza. Alijibiwa papo hapo, kutoka karibu, kwa pumzi ya haraka haraka. Akaifuata ile sauti.

Chini ya jabali alimkuta mama mtu mzima, mjane aitwaye Nambike, aliyeishi peke yake huko juu. Aliteleza akienda kuchota maji, mguu ukavunjika, na tangu hapo alikuwa akilamba maji yanayochuruzika mwambani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huko ng'ambo hamsikii?"

"Tulikusikia."

"Siku zote tatu?"

"Zote tatu, mama. Tulidhani unatunga wimbo mpya."

Nambike alimtazama, wala hakukasirika. "Mwaka jana mimi nilisikia mtu huko chini akipiga sauti moja moja kutwa nzima," alisema. "Nikadhani anajifunza. Sikumsikia tena."

Senkoro akakata fito vichakani. Alimfunga mguu kwazo, akambeba mgongoni, akavuka naye mto hadi kwa Nanzia. Nanzia akakaa na mgonjwa, na Senkoro akaenda kwa wapigaji, nyumba baada ya nyumba, filimbi ikiwa wazi mkononi, akiwaeleza zile sauti tatu zilikuwa nini. Wapo walioinamisha vichwa. Nambike alipona, ingawa alichechemea, na wote walikuja kumsalimia wakiwa na filimbi zao.

Tangu wakati huo, mpiga filimbi wa Ngondwe haanzi wimbo wake kabla ya kupiga sauti tatu na kungoja mwenzake azirudishe. Wakipishana njiani, mmoja husema, "Nimekusikia," na wa pili hujibu, "Nami nimekusikia." Na filimbi iliyozoeleka isiposikika hadi jua la utosi, aliye jirani huchukua fimbo yake akaenda kutazama. Mara nyingi humkuta mwenzake amelala tu, au filimbi imepasuka. Basi hukaribishwa ndizi, wakazungumza, kisha akarudi zake.